Kaunsela anasema nifumbe macho nifuate pumzi, mimi nikifumba ndiyo nazidi. Niendelee?

Fundi_Makorora

Habari za humu, dada zangu na kaka zangu. Nina swali, mnivumilie maana si fupi.

Nilitoka kwenye ndoa ya kipigo. Sitaki kuyafukua yote hapa, waliopitia wanajua. Sasa hivi nimepanga chumba Makorora, hapahapa Tanga, nashona madera na sare za shule, mwanangu yuko darasa la pili. Mtu akiniona barabarani anasema huyu kashapona. Ndani bado. Bodaboda ikizima injini nje usiku, nakaa macho mpaka adhana ya alfajiri. Juzi mteja kanishika bega kwa nyuma, "fundi, nguo yangu tayari?", nikaruka, mkasi ukaniponyoka ukatoboa dera la watu. Nimelilipa.

Nesi mmoja ndiye aliyenielekeza kwa kaunsela. Ni mama mtaratibu, sina neno naye. Ananifundisha meditesheni, mwenyewe anaiita maindifulnesi: kaa mkekani, fumba macho, fuata pumzi inavyoingia na kutoka, mawazo yakija usipigane nayo, yaache yapite. Nifanye nyumbani asubuhi na jioni.

Tatizo ni hili. Nikifumba macho tu nasikia funguo. Sisemi nawaza, nasikia kabisa, ile sauti ya funguo kwenye kitasa cha nyumba ya zamani. Na nikianza kuisikiliza pumzi, koo linabana. Huyu mwanaume alikuwa ananikaba. Basi natoka pale mkekani nimelowa jasho, na usiku wake silali. Kaunsela nimemwambia nusunusu, la kukabwa sikulitaja. Akasema ni kawaida mwanzoni, nivumilie. Hata mama mkwe alikuwa ananiambia nivumilie.

Kinachonishangaza, kwenye cherehani natulia. Yangu ni ya miguu, ya zamani. Nikishaweka bobini nikaanza kukanyaga, macho kwenye mstari wa chaki, mkono wa kushoto unaongoza kitambaa polepole, sisikii funguo wala nini. Hasa pindo la chini la dera, lile refu la kuzunguka. Nikifika mwisho wake nakuta mabega yameshuka yenyewe.

Sasa nauliza: nilazimishe tu? Au mimi tiba hii hainifai? Na shoga yangu ananiambia hayo ni mambo ya Kibudha, Muislamu hatakiwi kuyagusa. Naomba anijibu mwenye kujua, anayekisia apite tu.

UmmuSalma

Pole sana mdogo wangu, Allah akufanyie wepesi. Hospitali usiache. Ila ukishtuka usiku chukua udhu, swali rakaa mbili, soma Ayatul Kursiy ulale. Hayo ya kukaa mkekani kimya bila kutaja chochote mimi siyaelewi, na nisichokielewa simshauri mtu.

Nesi_Mstaafu

Fundi, pole, na hongera kwa kutoka. Nimefanya kazi kliniki ya afya ya akili mpaka nimestaafu, na wanawake waliopigwa nimekaa nao wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka. Nitaandika kirefu.

Hiyo tiba hujaishindwa. Kinachokutokea kinajulikana vizuri na wanaofanya kazi hii. Mtu aliyekabwa, pumzi ndiyo ilikuwa inachukuliwa. Koo na kifua ndipo hofu ilipokaa. Ukimwambia afumbe macho, kwa hiyo asione mlango, halafu aelekeze akili yote kooni, umemrudisha chumba kile kile, na safari hii yuko peke yake. Mwili wako unabana koo kwa sababu unakumbuka. Kulazimisha hapo hakusaidii, usilazimishe.

Na ukirudi kwa kaunsela mwambie yote, siyo nusunusu. Mwambie neno lenyewe: alikuwa ananikaba. Hilo linabadilisha namna ya kukusaidia. Mweleze na daktari pia. Je, uliwahi kuzirai ukikabwa? Sauti ilikwaruza, kumeza kukawa shida, maumivu ya kichwa au kizunguzungu havikuisha? Shingo inaweza kuumia kwa ndani na nje pasionekane hata mchubuko, na madhara mengine huchelewa kujitokeza. Hata kama ni zamani, lisemwe.

Sasa mazoezi yenyewe. Kiini chake ni kuiweka akili kwenye kitu kimoja kilichopo sasa hivi, ikitoroka unairudisha bila kujigombeza. Kufumba macho siyo sharti. Pumzi nayo siyo sharti, ni kitu kimoja tu kati ya vingi vya kushikia. Kwa mtu kama wewe tunatafuta kitu kilicho mbali na koo: nyayo sakafuni, viganja, sauti za nje, rangi unayoiona. Macho wazi. Mgongo ukutani, mlango unauona. Na muda mfupi, hata dakika moja ni nyingi kwa kuanzia. Ukihisi unapanda badala ya kushuka, unaacha hapo hapo, unasimama, unakunywa maji, unaangalia nje. Kuacha kuwe mkononi mwako kabisa, maana ulikotoka hukuwa na ruhusa ya kusema basi.

Kwa hiyo cherehani yako usiidharau, pale unafanya chenyewe bila kujua jina lake. Macho yako wazi, mguu una kazi, mkono una kazi, na sauti unaitawala wewe, ukiinua mguu inanyamaza. Nakuomba uongeze kitu kidogo tu. Kabla hujaanza pindo, vua kandambili, weka nyayo kwenye kanyagio. Sikia ubaridi wa chuma, sikia kisigino kikishuka vidole vikipanda. Kisha shona kama kawaida. Funguo zikija, usizifukuze wala usizifuate. Sema kwa sauti kama uko peke yako: "Nasikia funguo. Leo Jumanne. Niko Makorora. Komeo la mlango huu nimefunga mimi." Liangalie hilo komeo kwa macho. Halafu rudi kwenye mstari wa chaki.

Ila nikutahadharishe jambo moja. Kuna kushona kunakotuliza na kuna kushona kwa kukimbia. Ukijikuta unashona mpaka usiku wa manane kwa kuwa unaogopa kunyamaza, mtoto kalala na njaa na wewe hujui umekula nini, hapo cherehani imekuwa mahali pa kujifichia. Tofauti utaiona ukiinuka. Ukitulia, unainuka umechoka lakini upo. Ukiwa unakimbia, unainuka na hofu bado inakusubiri mlangoni.

Kuhusu Ubudha. Mizizi ya mazoezi haya iko huko kweli, hakuna haja ya kuficha. Ila aliyeyaingiza hospitali, Jon Kabat-Zinn, alianza mwaka 1979 kwenye chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, na wagonjwa wenye maumivu sugu. Kozi ya wiki nane, hakuna sanamu, hakuna dua wala sala. Angalia pia kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye mgongo mbovu na maumivu yasiyoisha. Hakuwa na wewe mawazoni. Mtu akiichukua vilevile ilivyo akaileta kwa mwanamke aliyekabwa, ndiyo hayo yaliyokukuta.

Mifano ya karibu ipo. Dagoretti, Nairobi, walijaribu mpango wa Shirika la Afya Duniani kwa wanawake zaidi ya 400 wenye msongo, wengi wao waliopitia ukatili, matokeo yakatoka mwaka 2017. Waliowahudumia walikuwa wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo, hawakuwa madaktari. Vikao vitano, dakika 90 kila kimoja, na wanawake wale wakapata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kupumua polepole kulikuwemo, ni stadi ya kwanza, lakini ni moja tu. Nyingine ni kuchambua tatizo moja linalotatulika, kurudi kidogo kidogo kwenye shughuli ulizoacha, na kujirudisha kwa watu wanaokujali. Na kule kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walikaa kwenye vikundi wakasikiliza sauti zilizorekodiwa, vikao vitano vilevile. Ule mpango ndiyo hasa una hayo maindifulnesi ndani yake: kukanyaga ardhi, kutaja unachokiona na kukisikia, kurudi pale ulipo. Ulisaidia, ila baada ya miezi mitatu nafuu ilikuwa imepungua kuliko siku walipomaliza. Nakwambia hili ili mtu asikuuzie kuwa mazoezi peke yake yatafuta kila kitu.

Msaidizi_wa_Sheria

Nesi ameeleza vizuri, nami sipingi. Ila nauliza ambalo hakuna aliyeuliza. Fundi, huyo mwanaume sasa hivi yuko wapi? Anakujua unapokaa? Anakuja?

Nina sababu ya kuuliza. Mimi ni msaidizi wa kisheria ngazi ya kata, na nimechoka kuona wanawake wanafundishwa kutulia huku anayewatisha anapita mlangoni kila wiki. Kama bado anakuja, hizo bodaboda unazozisikiliza usiku siyo ugonjwa. Ni akili inafanya kazi yake. Na mwanaume aliyewahi kumkaba mkewe anahesabiwa kwenye kundi la hatari kubwa kabisa, la wale wanaoweza kuja kuua. Sisemi kukutisha, ndivyo tunavyofundishwa kupima.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Ni sheria ya zamani kuliko wengi wetu humu. Uliwahi kwenda dawati la jinsia? Una PF3 yoyote, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa? Talaka imetoka rasmi au ulibeba tu begi?

Fundi_Makorora

Nesi, nimesoma mara mbili. Pale kwenye "hukuwa na ruhusa ya kusema basi" nililia kidogo, nikanawa uso, nikaendelea kusoma.

Msaidizi, umenigusa penyewe. Anakuja. Analeta hela ya mtoto, Ijumaa baada ya swala, anakaa kwenye benchi la wateja anaangalia ninavyoshona. Haongei vibaya, anaangalia tu, anauliza hili dera la nani, yule aliyetoka ni nani. Akiondoka ndiyo usiku ule wa bodaboda. Nilikuwa sijaunganisha haya mawili mpaka nilipokuwa nakujibu hapa.

PF3 ninayo moja, ya ile mara ya mwisho, nilienda polisi nikapewa nikatibiwa. Kesi haikuendelea, wazee waliingia kati. Kwenye baraza la usuluhishi niliambiwa nikajirekebishe mdomo. Talaka alinitamkia, karatasi hakuna.

Kaka_Duga

Mwanaume kuleta hela ya mtoto nayo ni kosa? Wengine hawaleti hata mia.

Msaidizi_wa_Sheria

Kaka, alete. Kwa simu. Hela ya mtoto haihitaji benchi.

Fundi, sikiliza. Kwanza hiyo PF3 itoe ulipoiweka, ipige picha, picha itume kwa mtu unayemwamini, na karatasi yenyewe isikae kwenye chumba anachokijua. Kama bado una cheti cha hospitali cha siku ile, weka pamoja. Pili, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, mwombe askari wa kike kama unaona aibu. Mwambie anakuja kila wiki na alikuwa anakukaba, atakuandikia. Tatu, ustawi wa jamii. Matunzo ya mtoto yana njia yake kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, afisa anaweza kumwita mkaandikishana kiasi na namna ya kulipa, na akikaidi mnakwenda mahakama ya watoto. Mkiandikishana, sema alipe kwa simu na akitaka kumwona mtoto iwe ofisini au kwa mtu wa tatu. Talaka ya kutamkwa nayo isikae hewani. Inapelekwa mahakamani itolewe amri ya talaka, na bila karatasi utasumbuka siku ya kugawana mali, na hata ukitaka kuolewa tena. Usiende peke yako kote huko.

MwanaMvita

Salamu kutoka Kisauni, Mombasa. Dada Fundi, wacha nami niseme, maana nilipitia huko.

Kikundi chetu tulikuwa kina mama tu, tumekalishwa kwenye ukumbi wa kanisa, Waislamu na Wakristo mchanganyiko. Mwalimu mgeni akaja akafunga mlango, akazima taa, akaweka muziki wa maji yanatiririka, akasema tulale chali. Chali! Mwanamke mmoja aliinuka akatoka na viatu mkononi, hakurudi. Mimi nililala pale nikiangalia feni nikisema tu nisipige kelele.

Kiongozi wetu wa kikundi alimfuata mwalimu baadaye. Sijui walizungumza nini, ila kikao kilichofuata mlango ulikuwa wazi nusu, viti vimewekwa ukutani, taa zinawaka, na akatuambia kabla ya kila kitu atasema anakwenda kufanya nini na kitachukua muda gani, na asiyetaka afanye lake. Wengine walishika tasbihi. Mama mmoja alikuwa anasuka ukili pale pale, akaambiwa asuke, ndiyo zoezi lake. Mimi nilipata langu kwenye mikono: napaka mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja, taratibu, naangalia ngozi inavyong'aa. Hivi sasa nikiona matatu imejaa wanaume na roho inaanza kukimbia, nasugua kidole gumba na cha shahada, basi. Hakuna anayeona.

Kwa hiyo usimwache kaunsela wako upesi. Mwambie unataka nini. Akikasirika, hapo ndipo umwache. Na wa Kenya wanaosoma hapa, nambari ni 1195, ya bure, usiku na mchana.

UmmuSalma

Nimesoma maelezo ya nesi, nimeelewa sasa. Kama ndiyo hivyo, kukanyaga chuma na kuangalia komeo, sina pingamizi. Nilichoogopa ni kitu kingine.

Mtu asije akasema tu udhu nao ni meditesheni. Ibada ni ibada, ina nia yake. Lakini hakuna aliyekukataza kuyasikia maji yakipita kwenye viwiko. Wengi wetu tunatawadha tunakimbizana na wakati, hatujui hata kama maji yalikuwa ya baridi.

Nesi_Mstaafu

UmmuSalma, hapo tuko pamoja.

Fundi, nina mawili yaliyobaki. Msaidizi ameniwahi na yuko sahihi: Ijumaa zikomeshwe kwanza. Huwezi kuufundisha mwili kuwa umefika salama wakati kila wiki unamwona kwenye benchi. Mazoezi ya kujirudisha yatakusaidia siku ya kwenda dawatini, ukiwa kwenye foleni mikono inatetemeka, na siku ya kumwona mbele ya afisa. Yatumie kwa hilo.

La pili, angalia wiki zijazo. Ndoto zikiendelea kukuamsha, ukianza kukwepa watu na barabara, ukijiona kama hauko mwilini mwako, au yakikujia mawazo ya kujidhuru, hayo yanahitaji zaidi ya kanyagio la cherehani. Zipo tiba za mazungumzo zinazoshughulikia kumbukumbu yenyewe, hatua kwa hatua, na mtu aliyesomea. Mashariki ya Congo, Kivu, walifanya tiba kama hiyo kwa vikundi vya wanawake waliobakwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2013, na wanawake wengi walikuwa na elimu ndogo sana. Walipona kwa kiwango ambacho wengi hawakutegemea, na vijiji vyenyewe vilikuwa bado havina amani. Kuna na dawa pia, daktari akiona inafaa. Mwombe kaunsela akupe rufaa kama yeye hafanyi hayo.

Fundi_Makorora

Nimerudi kuwajibu, kazi za sare zilinibana.

Kwa kaunsela nimekwenda. Nikamwambia neno lenyewe, sikulizungusha. Alinyamaza kidogo akasema, basi pumzi tunaiacha. Akahamisha kiti changu mwenyewe, akanigeuzia mlangoni. Tumefanya la kutaja vitu ninavyoviona: pangaboi, kalenda ya mwaka jana, kikombe chenye mpini uliovunjika, kandambili zangu. Koo halikubana. Nilimwuliza kwa nini kalenda ni ya mwaka jana, tukacheka.

Kushona peku nimejaribu. Funguo zimekuja, nikasema kwa sauti niko Makorora, mwanangu akaitikia kutoka kitandani, "Na mimi pia." Sasa imekuwa mchezo wake, nikisema tu anaitikia.

Dawatini naenda Jumatano na dada yangu. PF3 nimeshaipiga picha. Msaidizi, swali: ile karatasi imechanika pembeni na muhuri umefifia kidogo, wataikubali?

Msaidizi_wa_Sheria

Nenda nayo hivyohivyo, usiibandike gundi wala usiipitishie kalamu. Ina namba ya kumbukumbu ya kituo na jina la hospitali, nakala zake zinatafutwa kwenye vitabu vyao. Mbebe na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mtakapomaliza dawatini mnapitiliza ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Na ya Ijumaa hii usiisubiri. Mtumie ujumbe leo kwamba hela itume kwa simu, usimweleze sababu, na siku hiyo funga kazi hapo ukashonee kwa dada yako.